Baba Yangu na Nguzo za Kanheri

Baba yangu, Fundi Mahdi, amemaliza nyumba ishirini na tatu za watu hapa Lamu na Shela. Hesabu hiyo naijua kwa sababu huitaja mwenyewe kila akiudhiwa. Ya ishirini na nne si nyumba hasa, ni ghorofa moja tu iliyopandishwa juu ya vichwa vyetu, na ndiyo iliyomshinda. Kwa bahati yangu mbaya, ndiyo yangu.

Kwetu binti hatolewi kwao akapelekwa kwa watu. Mume ndiye anayekuja. Baba wa binti hujenga nyumba, au akiwa mtu wa kadiri hupandisha ghorofa juu ya yake, na siku ya harusi bwana harusi hupanda ngazi kumfuata mkewe. Ni desturi nzuri na mimi siilaumu. Ninayemlaumu ni mjenzi. Abubakr alinichumbia nikiwa na miaka ishirini na minane. Nilipofika thelathini na miwili kuta zilikuwa zimesimama, paa limefunikwa, choo kinatumika, birika limejaa maji, na Baba bado anasema chumba hakijawa cha kuingiwa na mtu.

Kilichobaki kilikuwa ukuta wa zidaka. Ni ule ukuta wa ndani kabisa, wa chokaa, wenye vijumba vidogo vya kuwekea mabakuli na vitabu, safu juu ya safu, kila kimoja na nakshi yake. Baba hupaka chokaa, akaichonga kwa kisu ingali mbichi, kisha akanawa mikono akashuka. Kwa mafundi wengine kazi huishia hapo. Yeye hurudi asubuhi ya pili, akasimama mlangoni kichwa amekilaza upande, akasema, "La." Halafu hubomoa safu nzima. Amefanya hivyo mara sita, na sizidishi hata moja. Mara ya kwanza aliniambia safu ya tatu imekwenda upande. Mara ya nne aliniambia chokaa haikulala vya kutosha. Mara ya sita hakutoa sababu yoyote, alinipita kwenye ngazi amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mimi nikaingia jikoni nikavunja sahani kwa makusudi.

"Mganga hajigangi," majirani walisema wakicheka. Wao hawakuwa na miaka thelathini na miwili.

Abubakr ni tabibu katika zahanati ya Kiunga, mtu mpole kiasi cha kuudhi. Miaka minne alikuja na kurudi, akanywa kahawa na Baba, akasifu nakshi ambazo wiki iliyofuata zilikuwa kifusi. Mwaka jana, baada ya Maulidi, alikuja akakaa mbele yangu na Mama, akasema, "Rumaisa, Ramadhani hii sitafuturu tena kwa mama." Hakupandisha sauti. Lakini tulielewa. Mama yake alikwisha kumtafutia msichana wa Faza, na nyumba ya msichana huyo ilikuwa tayari, ina mpaka mapazia. Hayo mapazia yaliniuma kuliko msichana mwenyewe. Nampenda Abubakr, nasema wazi, na niliogopa nitampoteza kwa ajili ya vijumba vya mabakuli.

Nilimfikishia Baba ujumbe. Alikuwa juu ya kiunzi chake cha miti.

"Subira huvuta heri," akasema.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu. Akajifanya hakunisikia, akaendelea kugonga.

Basi hapo ndipo magoti ya Mama yalipoingia katika habari hii. Mama yangu, Bi Tima, alikuwa haendi popote. Kwa miaka sita alikuwa hapandi ngazi, na ghorofa yangu aliijua kwa vumbi tu lililokuwa likimwangukia kwenye wali. Daktari alisema magoti yatolewe yawekwe mengine, na ukoo wetu ukakubaliana apelekwe India, kwa daktari aliyemponya ami yetu mmoja. Tukasafiri mwezi wa Rajabu, Mama, Baba na mimi. Nilihesabu siku nikiwa kwenye ndege. Hata kama tungerudi mapema, baina yangu na Ramadhani ungebaki mwezi mmoja na siku chache, na ukuta ulikuwa nusu.

Mama alipasuliwa salama. Aliyekuwa mgonjwa ni Baba. Wodini aliketi dakika moja, akasimama akaenda dirishani, akarudi, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kusikiliza kama una uwazi ndani, akainama kutazama pale sakafu inapokutana na ukuta. Siku ya tatu alivuta kipande cha rangi iliyobambuka, na kikaja na plasta ukubwa wa sinia. Muuguzi alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

"Mtoe huyu babako hapa," Mama akaniambia. "Mimi ndiye niliyepasuliwa, naye ndiye asiyelala. Mtoe, akatembee nti ya watu, akimaliza kutembea nami n'takuwa nimepona."

Katika nyumba ya wageni tulikofikia kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kisii, Kerubo, aliyemleta kaka yake kutibiwa. Tulipikiana chai. Yeye ndiye aliyesema, "Si mzee ni fundi wa mawe? Mpeleke Kanheri. Ni mapango ya Wabudha wa kale, yamechongwa ndani ya mlima, na hata si mbali, yako tu huku ndani ya jiji, kwenye msitu wao. Mimi nilizunguka huko siku nzima miguu ikaisha."

"Pango ni la popo," Baba akasema. Lakini kesho yake alikuwa amevaa viatu kabla sijaamka.

Tulipanda treni mpaka Borivali, kisha basi la hifadhi mpaka mlimani. Viti vilikuwepo. Baba alisimama.

Pango la kwanza tu likamtia wazimu. Unapanda kidogo kutoka langoni na hilo hapo, linakungoja, kubwa, giza, na mbele yake nguzo nene mno ambazo hazikuwahi kupata umbo. Alama za patasi bado zinaonekana. Mlinzi, mzee mwenye shati la kaki na fimbo ya kufukuzia nyani, alituambia kwa Kiingereza cha kuokotaokota kuwa hilo lilikusudiwa kuwa la ghorofa mbili, likaachwa.

"Muulize ni nani," Baba akaniambia.

"Nani nini, Baba?"

"Nani aliyeiwata kazi hii!"

Nikamtafsiria mlinzi: nani aliyeiacha? Akacheka akasema huyo mtu, kama alikuwa mmoja, amekufa zaidi ya miaka elfu.

"Hata kama," Baba akasema, na akawa amekasirika kweli, kama amemkuta kibarua wake amelala kivulini.

Tukapanda, mlinzi akifuatana nasi. Ngazi zenyewe zimechongwa mwambani, na kila unapogeuka kuna mlango mwingine mweusi. Mapango ni zaidi ya mia. Mengi ni madogo, vyumba vya watawa waliokuwa wakiishi huko, na nilipoingia katika kimoja nikashtuka, kwa sababu nilikijua. Mbele kuna baraza yenye viti vya mawe huku na huku, kama daka letu la mlangoni ambapo wageni huketi kabla ya kukaribishwa. Ndani kuna chumba kimoja chenye kitanda cha jiwe, na ukutani kidaka cha kuwekea taa. Nje, kando ya mlango, birika. Sikutegemea kwenda hadi India nikaingie kwetu.

Baba alikuwa amepiga magoti kwenye birika, kichwa chote kimeingia kwenye tundu.

"Samaki wawapi?" sauti yake ikatoka huko chini.

Nyumba zetu za kale kila birika lina visamaki viwili vitatu, wanakula vijidudu vya mbu. Mtoto wa Lamu hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nikaona aibu, lakini Baba alisisitiza, nikamuuliza mlinzi. Mlinzi akasema hakuna samaki, na labda hawakuwepo kamwe.

"Mwambie mbu watawauma wageni wake. Mtu atatindaje birika la iwe, kazi yote hiyo, asitie samaki?"

Nilitafsiri: mtu atachongaje birika la jiwe asitie samaki? Mzee wa watu akafikiri, akasema watawa wale walikuwa hawaui kiumbe, hata mbu. Nikamrudishia Baba jibu. Akajifuta magoti, akatazama bonde, akasema, "Basi walinishinda subira," na kwa mara ya kwanza siku ile nikacheka.

Kicheko hicho hakikukaa. Nilikuwa nimebeba simu mkononi na ndani yake kulikuwa na ujumbe wa Abubakr wa asubuhi ile, maneno mawili tu: "Baba amesemaje?" Baba hakuwa amesema chochote. Kila nilipotaka kumwambia neno, alikuwa amekwisha kuingia pango jingine. Nilimfuata kama mtu anayemfukuza kuku. Huku anapima kizingiti kwa shibiri, kule anaingiza kidole kwenye tundu la mwimo wa mlango, mara ananiita nije, "Ndoo uone! Mlango ulikuwa wa mti, huu ndio mguu wake!" Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa na kiu, na sikutaka kuona mguu wa mlango wa mtu yeyote.

Ndivyo tulivyofika kwenye ukumbi mkubwa. Hapo ndipo Wabudha walipokuwa wakikusanyika kwa ibada. Kwenye baraza yake, upande huu na huu, imesimama sanamu ya Budha, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, mkono mmoja umeteremka.

"Astaghfirullah," Baba akasema, akageuza uso.

Akahesabu labda mpaka kumi. Akageuka tena. "Lakini itazame ile nguo," akaninong'oneza. "Nguo ya iwe, na mwili wauona tini yake." Akageuza uso tena. Alifanya hivyo mara tatu, shingo yangu ikaniuma kwa niaba yake. Kisha akavua viatu, ingawa mlinzi alimwambia si lazima, akaingia.

Ndani ni kirefu, kuna ubaridi, na dari limepinda kama tumbo la mashua iliyofudikizwa. Baba ni mzaliwa wa Matondoni, babu yangu alikuwa seremala wa vyombo, na nilimwona akiinua macho akatabasamu. Mwisho wa ukumbi kuna kuba la jiwe tupu, halina sanamu, na hilo ndilo waliloelekea. Kuanzia mlangoni kulizunguka kuba zimepangwa nguzo. Baba akatoa mfukoni uzi wake wa kupimia. Wallahi alikwenda nao India, katika koti la Ijumaa.

Akaanza kuhesabu. Alikwenda upande mmoja, akarudi upande wa pili, midomo inacheza. Nikaona uso wake unabadilika.

"Thalathini na nne," akasema. "Kumi na moya huku zimetiwa nakshi. Kule sita. Zilizosalia ni tupu."

Kweli. Nguzo za mbele zina miguu kama mitungi, na juu yake ndovu na watu wamechongwa wakipendeza. Ghafla, nguzo inayofuata, hakuna kitu. Pembe nane, laini, mpaka juu. Na inayofuata, na inayofuata. Kama mtu aliyekuwa akihadithia akasimama katikati ya neno akaenda zake.

Mlinzi, ambaye nadhani alikuwa ameanza kumpenda Baba, alieleza kuwa mafundi walianza darini wakashuka. Walikata mlima kutoka juu, wakisimama juu ya mwamba ambao bado hawajaukata, hawakuhitaji kiunzi. Na kilichokatwa hakirudi. Ukikosea pua ya ndovu, ndovu huyo hana pua milele.

"Hakirudi," Baba akasema polepole. "Mimi napaka, nabandua, napaka. Hawa hawakuwa na la kubandua."

Nilisema ndani yangu, amelielewa. Mwenyezi Mungu amemleta huku kwa magoti ya Mama ili alielewe. Ataona kuwa kazi nayo ina siku ya kuachwa. Nikashika simu, niko tayari kumwandikia Abubakr.

Baba akanigeukia, macho yanang'aa kama ya mtoto siku ya Idi. "Nimeliona kosa langu, Rumaisa. Nilianza tini! Miaka yote hii nalianza tini, ndiyo safu hazikai. Tukirudi naubomoa ukuta wote, na kipande cha dari, nianze yuu nishuke. Mwaka moya. Mwaka moya tu, mwanangu."

Sijui niseme nini kujitetea. Sijawahi kumpandishia Baba sauti tangu nizaliwe. Siku ile, ndani ya nyumba ya ibada ya watu, nilipiga kelele.

"N'na miaka thalathini na miwili! Nyumba za Wazungu wa Shela umezimaliza zote, tena kwa tarehe! Za wake wenza wa watu umezimaliza! Mimi ndiye wa kungoja? Abubakr atakwenda kuoa Faza, nawe ubaki na zidaka zako, na mimi nitatia nini humo? Mayai?"

Ukumbi ule una mwangwi. Mayai yalizunguka nguzo zote thelathini na nne yakanirudia. Mlinzi akatazama miguu yake. Baba alisimama na uzi wake mkononi, ameachama kidogo, na nilimwona mzee, mzee kweli, mikono imekauka kwa chokaa mpaka haifumbi vizuri. Nililia kwa hasira, na hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Hatukupata nafasi ya kuendelea, kwani watu waliingia. Ilikuwa familia, kama watu saba, wamevaa nyeupe, wamemshika mikono bibi kizee. Hawakututazama. Walikwenda moja kwa moja mpaka karibu na kuba, wakaketi sakafuni, bibi akaegemezwa kwenye nguzo mojawapo ya zile tupu. Mmoja akaanza kusoma kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia, na ile sauti ikajaa mpaka darini, ikawa huwezi kujua inatoka kwa nani. Sikuelewa hata neno. Tulirudi nyuma, tukasimama karibu na mlango kwa adabu.

Baba hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiwaangalia wao, kisha nguzo, kisha wao. Akaniinamia.

"Hawaoni?"

"Hawaoni nini?"

"Nguzo hazikwisha."

"Wamekuja kuabudu, Baba. Hawakuja kukagua kazi."

Akamtazama yule bibi kwenye nguzo tupu. Kisha akatoka nje, nikamsikia akihangaika na viatu vyake. Mimi nilibaki. Yule bibi alikuwa amefumba macho, kisogo chake kimetulia kwenye jiwe lisilo na hata ua moja. Nikafikiri, miaka mingi kiasi gani watu wamekuja hapa, na hakuna aliyeambiwa angoje huko chini ya mlima mpaka nguzo zote zipate ndovu. Waliingia wakaketi. Hapo nikakata shauri langu. Nilitoka nikamwandikia Abubakr: "Ukuta haujesha. Paa lipo."

Jibu lilikuja kabla hatujafika kwenye basi. "Paa latosha."

Katika treni ya kurudi Baba alisimama mlangoni, nami nikasimama kando yake kwa kuwa nilimwonea haya. Vituo vitatu vikapita. Ndipo akasema, akiwa anatazama nje, "Ukuta ukisha, mimi n'tafanya nini?"

Nikamgeukia.

"Watu hawaniiti tena. Sasa ni simiti, na vijana wa kutoka bara, wiki mbili nyumba imekwisha. Huu ni ukuta wangu wa mwisho. Kila asubuhi niamkapo, najua ndia yangu yaenda wapi. Yaenda yuu kwako."

Nilikuwa nimemkasirikia miaka minne kwa kudhani anapenda chokaa kuliko mwanawe. Hasira haikuondoka, maana hasira ya miaka minne haiondoki kwa vituo vitatu, lakini ikapata jirani. Nilimhurumia. Na pamoja na huruma yote, shauri langu halikubadilika.

Tulirudi Lamu siku tano kabla ya Shaabani. Mama alivuka gati kwa miguu yake na fimbo, akisalimia kila mtu kama aliyetoka Makka. Asubuhi ya pili, Baba alipotoka kwenda kununua chokaa, nilimwita binamu yangu Hayat tukapandisha kitanda changu, godoro, mikeka miwili na sanduku la nguo. Nguo nilizikunja nikazipanga ndani ya zile zidaka zilizokwisha, na katika zile zisizokwisha, ambazo zilikuwa mashimo tu, nikatia viatu.

Baba alirudi na nyundo. Alisimama mlangoni.

"Kwani umehamia?"

"Nimehamia."

"Nataka kubomoa."

"Bomoa. Mimi sitoki."

Kuhamia si kuolewa, hilo nililijua. Bila idhini ya Baba hakuna kadhi wa kunioza, na neno lake moja la "bado" lingetosha kumpeleka Abubakr Faza. Sikuwa na silaha nyingine ila godoro. Baba akalitazama godoro, akatazama viatu vyangu ndani ya ukuta wake, akashuka. Siku ya pili alikuja na ndoo na kisu. "Inuka nitie chokaa." Nikamwambia atie, mimi nimeketi. Akaona chokaa itakavyoangukia shuka. Akashuka. Mchana kutwa nikamsikia chini yangu, kutoka ukumbini mpaka uwani, kutoka uwani mpaka ukumbini, kisha nje. Watu walimwona gatini, walimwona Wiyoni, wakamwona Matondoni akigombana na maseremala juu ya ubao usiomhusu. Shaabani ikaandama.

Siku ya sita nilisikia hatua kwenye ngazi, lakini hazikuwa zake. Zilikuwa nzito, moja, kituo, nyingine, na katikati yake mtu akitukana ngazi. Nikatoka mbio. Mama alikuwa amefika nusu, ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, fimbo ameitupa.

"Usinishike," akasema. "N'kishikwa haihesabiwi."

Akaingia. Hakuwa amewahi kukiona chumba hicho. Alilitazama dari, akatazama dirisha linalotazama juu ya mapaa mpaka kwenye mikoko, akautazama ukuta, nusu umepambwa hata huwezi kupitisha ncha ya kidole pasipo ua, nusu mtupu kama kiganja. Aliutazama muda mrefu. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Mahdi!" akapiga ukelele ngazini. "Kizuri! Waite watu!"

"Kiko nusu!" Baba akajibu kutoka chini.

"Na mimi sasa nusu yangu ni chuma! Mbona hukunipa talaka?"

Kisha tukasikia mlango wa nje. Hayat, aliyekuja kunitazama, alichungulia dirishani akasema amevaa kanzu na anaelekea kwa ami yake Abubakr. Siku ile ile ikatajwa Ijumaa kuwa siku ya ndoa.

Sikuamini. Jumatano Hayat alimwona dukani akipima chokaa. Alhamisi alipanda mara nne kutazama ukuta, na mara zote nne alishuka bila neno. Mama Abubakr alikuwa amefika mjini na tabasamu lake la pembeni, na mimi nilipakwa hina nikiwa nimekakamaa kama mwizi anayengoja kukamatwa. Baba angeweza kusema "bado" hata msikitini. Nilimjua.

Ijumaa baada ya alasiri wanaume walikusanyika. Kabla ya kuoza, ni lazima walii, yaani baba, apande kwa binti na mashahidi wawili, amwombe idhini. Nilikuwa nimeketi kitandani nimefunikwa, pazia limeshushwa mlangoni, Hayat kushoto na Mama kulia. Desturi ni binti kunyamaza mara mbili kwa haya na kujibu mara ya tatu.

"Rumaisa binti Mahdi," sauti ya Baba ikasema nyuma ya pazia, sauti ya mbele za watu. "Abubakr amekuposa. Wanipa idhini nikuoze?"

Nikanyamaza.

Akauliza mara ya pili. Nikanyamaza tena, na nitasema kweli, haikuwa haya tupu. Miaka minne alikuwa ameningojesha, nikataka aonje dakika moja. Niliiona miguu yake chini ya pazia, haikutulia.

Mara ya tatu haikuja. Shahidi mmoja akakohoa. Chini, watu wakaanza kunong'ona, na Mama akanishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo sasa, ameghairi. Ndipo pazia likasogea kidogo karibu na sikio langu, na sauti ikaja ya chini, si ya walii, ya Baba.

"Rumaisa. N'kishuka ngazi hini sasa, n'tapanda tena lini?"

Maarusi hukaa fungate, siku saba, na hakuna mtu apandaye kwao. Alikuwa amesimama pale mbele ya mashahidi, na watu wote wa mtaa wako chini wanamngoja, na alichokuwa akiomba ni hicho.

"Siku ya nane, Baba," nikasema. "Uje na kisu na chokaa. Nusu iliyobaki ni yako, na kahawa itakuwa juu ya jiko."

Pazia likarudi mahali pake. Kisha akauliza mara ya tatu, na nikamkubalia.